Septemba Isiyokwisha: Mgeni Kapiga Hodi, Nani Kaitika?

Wapendwa, nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Si kwamba nimeishiwa maneno. Gazeti lilinituma mkoani, na huko nilikutana na mtu aliyenirudisha Dar nikiwa na aibu. Leo nataka tuzungumze historia, lakini lazima nianze na aibu hiyo, maana bila yake nisingeitafuta historia yenyewe.

Mwaka jana mimi na wenzangu wachache tulianzisha kundi la WhatsApp la waandishi wa habari chipukizi, hasa wale wa mikoani wanaolipwa kwa habari moja moja na hawana mhariri wa kumuuliza kitu. Nia ilikuwa njema kabisa. Kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana kwa kupenda kuandika andika, nikapewa kazi ya kutunga ujumbe wa kuwapokea wanachama wapya. Nikakaa usiku mmoja, nikashusha kanuni 17. Usitume video zisizo na chanzo. Usitangaze biashara. Usiulize swali lililokwisha kujibiwa. Kanuni ya 9 nilijivunia sana: salamu za asubuhi haziruhusiwi, zinajaza simu za watu.

Siku moja akaongezwa binti mmoja mwandishi kutoka mkoa wa kusini. Akaandika: "Hodi wakubwa zangu, shikamooni. Nimefurahi kuwa hapa, naomba kujifunza." Hakuna aliyeitikia marahaba. Dakika mbili baadaye nikabandika kanuni zangu 17, kama nilivyokuwa nikifanya kwa kila mtu, ile ya kukataza salamu ikiwemo. Siku tatu baadaye akatoka. Wala sikujua kwamba katoka.

Nimekuja kukutana naye safari hii, kwenye mkutano wa waandishi. Akanitambua kwa jina, akacheka. "Kaka, mimi nilipiga hodi nikasomewa mashtaka." Tukacheka wote. Kisha akaniambia, bila kucheka, kwamba alikuja kwenye kundi akiwa na nyaraka za mradi mmoja wa maji kijijini kwao. Alitafuta mtu wa kumsaidia kusoma hesabu zake. Alipoona mapokezi yale akadhani amekosea nyumba. Habari hiyo hajaiandika. Nyaraka ziko kabatini mpaka leo, na kisima nacho hakitoi maji mpaka leo.

Ndiyo maana nimetumia wiki mbili kusoma jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: watu walianza lini kuwakaribisha wageni kwenye nyumba zisizo na kuta? Na kwa nini mara nyingi wanakosea kama nilivyokosea mimi?

Kabla ya kwenda mbali, tukumbushane tunachokijua. Kwetu mgeni hagongi tu. Anapiga hodi, na hodi ni swali. Karibu ndiyo jibu. Asipojibiwa mara tatu, anageuza na kwenda zake, na hakuna atakayemlaumu. Akijibiwa, kuna mtu anainuka, anampokea mzigo, anampa kiti, anamuuliza habari za atokako. Kwenye nyumba za mawe za pwani, Lamu au Unguja, mjenzi alimfikiria mgeni tangu siku ya msingi: kuna baraza na daka, mahali pa kumpokea mtu kabla hajafika kwenye vyumba vya ndani. Na wahenga hawakuwa wajinga wa kukaribisha bila mpango. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kanuni zipo na kazi ipo, lakini angalieni mpangilio wake. Kiti kinatangulia, jembe linafuata. Mimi nilimpa binti wa watu majembe 17 mlangoni.

Haya, sasa twende Marekani, mwaka 1979.

Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kuziunganisha kompyuta za vyuo kwa simu za kawaida. Kompyuta moja inaipigia nyingine, zinabadilishana ujumbe wa watu, zinakata. Mwaka 1980 wakaanza na majirani zao wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill. Mtandao huo ukaitwa Usenet. Ujumbe ulipangwa kwa mada: kompyuta, sayansi, vitabu, mapishi, siasa. Ukiandika jambo chuoni kwako, baada ya muda linasomwa na watu usiowajua katika miji usiyowahi kufika. Kumbukeni huo ni mwaka 1980, zaidi ya miaka kumi kabla ya tovuti kuanza kuenea duniani.

Wenyeji wa Usenet walikuwa watu wa vyuo na maabara, wachache na wanaofanana. Walikuwa na adabu zao. Usiandike kwa herufi kubwa tupu, maana ni kupiga kelele. Usirudie ujumbe mzima wa mwenzako kwa ajili ya kuongeza neno moja. Usitume ujumbe wa majaribio kwa dunia nzima. Na kila mwaka walikuwa na msimu wao wa mvua, Septemba. Mwezi huo vyuo vya Marekani hufunguliwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapewa akaunti zao, na mara wanaingia Usenet kwa fujo kama sisi tulivyoingia bweni mwaka wa kwanza. Wenyeji wanalalamika, wanawakemea, wanawaelekeza. Baada ya mwezi mmoja hivi vijana wamejifunza au wamechoka, na nyumba inatulia.

Sasa waliwakaribishaje? Hapa ndipo nilipojiona kwenye kioo.

Kulikuwa na programu ya kusomea Usenet iliyoitwa rn, iliyoandikwa mwaka 1984 na Larry Wall, yule yule aliyekuja kubuni lugha ya programu ya Perl. Ukitaka kutuma ujumbe, ilikuonya kwanza kwamba maneno yako yatakwenda kwenye maelfu ya mashine katika dunia nzima iliyostaarabika, na kwamba yataugharimu mtandao mamia kama si maelfu ya dola. Kisha inakuuliza: una uhakika kabisa kwamba unataka kufanya hivi? Ndiyo au hapana. Hebu fikiria una miaka 18, ni mara yako ya kwanza, ulitaka tu kuuliza kitabu gani kizuri. Onyo lenyewe lilikuwa na sababu, maana simu zile zililipiwa na vyuo na makampuni. Lilikuwa na utani ndani yake pia. Lakini mgeni hajui utani wa nyumba.

Baadaye kikatengwa chumba maalumu cha matangazo kwa wageni, news.announce.newusers, ambamo nyaraka za mwongozo zilibandikwa tena na tena kwa ratiba. Kati ya hizo upo mwongozo wa Chuq Von Rospach ambao nimeupenda. Haukuanza na herufi kubwa wala urefu wa sahihi. Ulianza kwa kumkumbusha mgeni kwamba upande wa pili wa waya kuna binadamu. Brad Templeton yeye akachagua dhihaka: akambuni bibi wa adabu, Emily Postnews, jina la kumtania Emily Post, mwanamke maarufu wa vitabu vya adabu kule Marekani. Bibi huyo anaulizwa maswali na wageni, na kila swali analijibu kinyume. Je, nirudie ujumbe mzima wa mwenzangu? Naam mwanangu, wote, watu wanapenda kusoma mara mbili. Anayejua anacheka na kujifunza. Asiyejua, Mungu amsaidie.

Aliyezitunza nyingi ya nyaraka hizo kwa miaka alikuwa Gene Spafford wa Chuo Kikuu cha Purdue. Kazi ya kujitolea, bila mshahara. Mwaka 1993 akachoka, akaiacha. Shikeni mwaka huo, tutaurudia.

Na hata waraka uliokuja kuwa kama katiba ya adabu za mtandao, RFC 1855, uliotolewa Oktoba 1995 na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, ulimshauri mgeni asome mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika chochote. Ushauri wa busara, sikatai. Ila ukiutafsiri kwa lugha ya kwetu unasema: simama mlangoni miezi miwili, sikiliza tunavyoongea, kisha ndiyo upige hodi.

Kulikuwa na nyumba nyingine zilizofikiri tofauti. Mwaka 1985, Stewart Brand na Larry Brilliant walianzisha jumuiya iliyoitwa The WELL kule California. Wao hawakuwa na kanuni 17. Waliweka sentensi moja fupi inayomwambia mtu kwamba maneno yake ni mali yake. Brand aliiweka kwa tahadhari ya kisheria, ili mtu akimtukana mwenzake kampuni isishtakiwe. Wanachama wakaichukua na kuifikiria kila mtu kwa namna yake: wengine wakasema maana yake ni kwamba huruhusiwi kuninukuu bila ruhusa, wengine wakasema maana yake ni kwamba ukinena utawajibika. Wakabishana juu ya sentensi hiyo miaka na miaka. Mimi naona huo ubishi ndio uliokuwa ukaribisho wenyewe. Mgeni alikuta nyumba inayobishana juu ya mlango wake, naye akaruhusiwa kubisha.

Nyingine ilikuwa LambdaMOO, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, mtafiti wa Xerox. Ilikuwa dunia ya maandishi matupu. Unaandika "nenda kaskazini" na unaletewa maelezo ya chumba kingine. Curtis aliijenga kwa kufuata ramani ya nyumba yake halisi. Na mnajua mgeni alifikia wapi? Kwenye kabati la makoti! Chumba kidogo, giza, kimebana, umezungukwa na makoti na watu waliolala. Ukifungua mlango unatokea sebuleni, kwenye mwanga na mazungumzo. Nilipolisoma nikacheka peke yangu ofisini, kisha nikaona mantiki yake. Kabati lile ni daka la Kizungu. Mgeni anapata pa kusimama na kujifunza kutumia mikono yake, na mlango anaufungua mwenyewe akiwa tayari.

Sasa turudi 1993.

Mwaka huo na ule uliofuata, kampuni za biashara zilianza kuwafungulia wateja wao mlango wa Usenet. Delphi ilitangulia mwaka 1993, na Machi 1994 ikaja kubwa yao, AOL. AOL ilikuwa ikitafuta wateja kwa kuwatumia watu diski majumbani kwao. Weka diski, unganisha waya wa simu, umeingia. Wageni wakaanza kufika kila siku, si Septemba tu, na si kwa mamia tena. Januari 1994 mtumiaji mmoja aitwaye Dave Fischer akaandika, kwa uchungu na utani, kwamba Septemba ya 1993 itakumbukwa kuwa Septemba ambayo haikuisha. Jina likabaki. Kuna hata programu ndogo inayohesabu tarehe kana kwamba bado tuko kwenye mwezi ule.

Historia hii husimuliwa na wenyeji wa zamani, na kwa simulizi lao mkosaji ni mgeni. Walikuja wajinga, wakaharibu nyumba nzuri. Ukienda kwa mafundi wa kompyuta leo utaisikia hivyo hivyo. Nami nilitaka kuimeza, mpaka nilipokutana na sauti ya Elwood Edwards.

Mwaka 1989 mke wa Edwards alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni iliyoitwa Quantum, ambayo baadaye ndiyo ikawa AOL. Akamsikia bosi wake Steve Case akizungumzia kuipa programu yao sauti ya mtu. Akasema mume wangu ni mtangazaji. Edwards akakaa sebuleni kwake na redio ya kaseti, akarekodi maneno manne: karibu, umepata barua, faili limekamilika, kwaheri. Akalipwa dola 200. Tangu hapo kila aliyefungua AOL alikutana na sauti ya mwanamume mchangamfu ikimwambia karibu. Mamilioni ya watu. Edwards alifariki Novemba 2024, na Wamarekani wengi ambao hawakuwahi kumwona usoni walimlilia kama mjomba.

Mmeona kilichotokea? Wageni wale wa 1994 walikaribishwa, tena kwa uchangamfu. Ila aliyewaambia karibu hakuwa mwenye nyumba. AOL iliwapokea mlangoni kwake, ikawafungulia mlango wa uani, ikawaingiza kwenye nyumba ya watu wengine bila kuwaambia wanaingia kwa nani. Na wenyeji wa ndani hawakuwa na mtu wa kuinuka. Nyaraka zilikuwepo, zimebandikwa, lakini mtu wa kumshika mgeni mkono hakuwepo. Mfumo wao wote wa kupokea ulijengwa kwa mwezi mmoja wa mwaka, na kwa wageni wachache kuliko wenyeji. Ilipofika zamu ya wageni kuwa wengi kuliko wenyeji, karatasi haikutosha.

Hapa nataka niseme jambo ambalo sijaliona kwenye masimulizi yao. Sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wakati Truscott na Ellis wanaunganisha vyuo vyao, kompyuta kwetu ilikuwa kitu cha kuombea kibali. Intaneti ilianza kutufikia katikati ya miaka ya 1990, na wengi wetu tukaigusa kwenye vibanda vya kulipia kwa saa, miaka ya 2000, na wengine kwenye simu, baadaye zaidi. Maana yake ni nini? Maana yake Mtanzania, Mkenya, Mkongo, karibu wote tumeingia baada ya Septemba 1993. Sisi ndio Septemba yenyewe! Anapolalamika mwenyeji wa kale kwamba nyumba ilikuwa tamu kabla ya wageni, mgeni anayemsema ni mimi, ni wewe, ni yule binti wa kusini. Kwa hiyo siwezi kuilia Septemba ile. Bila hiyo usingekuwa unanisoma hapa.

Lakini pia siwezi kuwacheka wenyeji, maana nilipopewa ufunguo wa nyumba ndogo tu ya WhatsApp nilifanya yale yale.

Hadithi moja ya mwisho, na hii ina takwimu za kufikirisha. Wikipedia ilianza Januari 2001, ikimwambia kila mpita njia: ingia, hariri, usiogope. Ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003, na wazee wa blogu za Kiswahili kama Ndesanjo Macha walipiga sana debe watu wakaiandikie. Miaka ya mwanzo mgeni akihariri, mwenyeji mmoja anamwandikia: karibu, nimeona ulichoandika kuhusu mto fulani, ongeza hiki. Kisha Wikipedia ya Kiingereza ikafurika, na waharibifu wakafurika nayo. Wenyeji wakafanya kama nilivyofanya mimi. Wakatengeneza ujumbe wa kubandika na programu za kufuta makosa kwa sekunde. Kuanzia mwaka 2007 idadi ya wahariri hai ikaanza kushuka.

Watafiti Aaron Halfaker na wenzake walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa sababu. Wengi walidhani wageni wazuri wamekwisha, wamebaki wahuni. La hasha. Ubora wa wageni haukuwa umeporomoka. Kilichobadilika ni mapokezi. Mgeni mwenye nia njema alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko zamani wa kufutiwa kazi yake ya kwanza, na neno la kwanza kuambiwa likiwa onyo lililoandikwa na mashine. Anaondoka kimya. Hakuna anayejua kwamba kaondoka. Niliposoma hapo nikaiweka simu chini kidogo.

Dawa waliyoijaribu ilianza mwaka 2012, wakaiita Teahouse, yaani nyumba ya chai. Kwa Kiswahili ningesema kijiwe cha kahawa. Mgeni anapata mwaliko wenye jina la mwenyeji halisi. Akifika anauliza swali lolote, hata la kijinga, na mwenyeji anatakiwa kuanza na salamu, kisha amjibu kwa maneno ya kawaida, bila kumrundikia viungo vya kurasa za kanuni. Basi. Watafiti walipopima baadaye, waliochapisha mwaka 2018, wakakuta walioalikwa kijiweni walibaki kwa wingi zaidi kuliko wasioalikwa. Tofauti haikuwa kubwa ya kuruka angani, lakini ilikuwepo. Kanuni za Wikipedia hazikupunguzwa hata moja. Walichobadilisha ni mpangilio: kiti kwanza, jembe baadaye. Bibi yangu angewaambia hivyo bure, bila utafiti.

AOL nayo ilijiondoa Usenet mwaka 2005, na tarehe 30 Septemba 2025 ikazima huduma yake ya intaneti ya kupiga simu. Kwa hesabu ya wale mafundi watani ilikuwa tarehe 11,718 ya Septemba 1993. Wengine wakasema haya, mwezi umekwisha. Mimi naona haujaisha. Leo hii kuna kijana mahali fulani kapewa simu yake ya kwanza, kaongezwa kwenye kundi, na anaandika hodi.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilikaa tena usiku, kama ule usiku wa kanuni 17. Safari hii nimeandika mistari minne. Wa kwanza una jina la mgeni mwenyewe, tena linaandikwa kwa mkono kila mara, halibandikwi. Wa pili unataja jina la mwenyeji wake wa mwezi wa kwanza, mtu mmoja wa kumpigia simu. Wa tatu unamuuliza: unafuatilia habari gani sasa hivi, na umekwama wapi? Wa nne unasema kanuni tutakupa Jumapili, hazina haraka. Kanuni nazo nimezipunguza, zimebaki tano. Ile ya 9 nimeifuta kwa furaha. Mtu akisema shikamoo, ataitikiwa marahaba, simu zijae tu.

Wenzangu wawili walipinga. Wakasema kundi lina watu zaidi ya mia mbili, nani atakuwa mwenyeji wa nani, nani ana muda huo? Ni swali zuri, na ndilo swali lililomchosha Spafford. Jibu langu ni kwamba kama hatuna watu wa kuinuka, basi tusiongeze wageni wiki hiyo. Afadhali mgeni asubiri nje akijua zamu yake inakuja, kuliko kuingia sebuleni na kukuta karatasi. Tumekubaliana tusiongeze zaidi ya watano kwa wiki. Tutaona.

Yule binti nimempigia simu juzi. Nilimwomba radhi, nikamwambia nimempata mtu anayejua kusoma hesabu za miradi, na kwamba mwenyeji wake akirudi nitakuwa mimi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Nimekusikia kaka. Ngoja nifikirie." Sikumharakisha. Mgeni aliyewahi kukosa jibu ana haki ya kusimama barabarani kwanza na kuitazama nyumba. Mlango nimeuacha wazi, na safari hii nimekaa barazani.

Na wewe msomaji wangu, hebu kumbuka kundi la mwisho uliloingia, kazini, chuoni, mtaani. Nani alikuambia karibu? Ukimkumbuka kwa jina, mpigie umsalimie. Usipomkumbuka yeyote, basi anza wewe na huyo anayekuja nyuma yako.

Tuko pamoja.